Kilio cha Mtoto Kilichomliza Khalifa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, wa kiume na wa kike, ninausia nafsi yangu kwanza, kisha ninakuusieni nyinyi, kumcha Allah kwa siri na kwa dhahiri.

Leo hapa Rubona tuzungumzie elimu ambayo baadhi yenu mnakusudia kuisomea baada ya shahada ya kwanza: uongozi katika afya ya mama na mtoto. Wapo watakaokwenda Kigali, katika Shule ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Wapo watakaopanda milima ya Burera hadi Butaro, kwenye chuo cha UGHE kilichoanzishwa mwaka 2015. Ni kheri. Lakini ukirudi na shahada yako, utakuwa kiongozi wa namna gani?

Wanahistoria wetu, akiwemo Ibn Saad, wamepokea kisa cha Umar bin Khattab (R.A.). Msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina, ukapiga kambi usiku. Umar akamwambia Abdurrahman bin Auf wakeshe wakiulinda. Katikati ya usiku akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamnasihi amche Allah na amtendee mtoto wake wema. Akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, naye akaenda tena. Usiku ulipokaribia kwisha akasikia kilio kile kile, akamlaumu yule mama kwa ukali: kwa nini mtoto wako hatulii?

Mama hakujua anazungumza na nani. Akamjibu kuwa anamwachisha ziwa mtoto, naye anakataa. Kwa nini umwachishe mapema hivi? Akasema: kwa sababu Umar hampi posho ya Baitul-mal ila mtoto aliyekwisha kuachishwa.

Umar aliposwalisha alfajiri, watu hawakuweza kuisikia vizuri Qur'ani kwa kilio chake. Alipotoa salamu alijilaumu mbele ya watu wote, akihofia ni watoto wangapi wa Waislamu wameangamia kwa sababu yake. Kisha akaamuru itangazwe kuwa kila mtoto anayezaliwa atapata posho, akaandika hivyo kwa miji yote.

Ndugu zangu, tazameni mpangilio wa kisa hiki. Mara tatu Umar alimwendea mama yule kwa mawaidha na lawama, na mtoto akaendelea kulia. Alipouliza sababu na kusikiliza jibu, ndipo alipogundua kuwa kosa halikuwa la mama. Lilikuwa katika sheria yake mwenyewe. Naye hakungoja. Kabla ya siku kukucha vizuri, sheria ilibadilika. Kiongozi wa afya ya mama na mtoto ndiye huyo.

Sasa tuangalie ziwa letu la Kivu. Jioni mitumbwi ya Rubona inatoka na taa zake, wavuvi wanaimba, na alfajiri sambaza wanafika ufukweni. Mama anajitwika beseni, anakwenda kuuza sokoni Gisenyi, au anavuka mpaka hadi Goma. Ana mtoto wa miezi minne. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na baba akabebeshwa chakula na mavazi ya mama. Mama huyu anaijua haki ya mwanawe, ila asipotoka leo hakuna kinachopikwa. Mtaalamu atakayekuja na bango la kumfundisha faida za maziwa ya mama, kisha akaondoka, bado yuko kwenye safari ya kwanza ya Umar. Muulize kwanza: unamwacha na nani? Baba yake analeta nini nyumbani? Ratiba ya kliniki inakutana vipi na saa za soko?

Haya si maneno ya kukatisha tamaa. Mwaka 2000, utafiti wa kitaifa ulikadiria vifo 1,071 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Rwanda. Utafiti wa 2019-20 ulikuta 203. Sehemu ya kazi hiyo imefanywa na abajyanama b'ubuzima, watu wa kujitolea waliochaguliwa na majirani zao, wanaojua kila nyumba yenye mjamzito. Wengi hawana shahada. Utakapokuwa mkuu wao, keti uwasikilize kabla hujawafundisha. Na kazi haijaisha: utafiti huo huo ulikuta watoto 33 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa wetu wa Magharibi ulikuwa juu ya wastani huo.

Lipo jambo moja ninalotaka tuambiane kwa uwazi. Mama akifa kwa uzazi, sisi hukimbilia kusema ni qadar, na kwamba amekufa shahidi. Hadithi ya shahada yake ni ya kweli, na ni faraja kwa waliofiwa. Haikuja kuwa hoja ya aliyechelewa kumpeleka hospitali, wala ya msimamizi aliyeacha damu ikosekane. Daraja yake mbele ya Allah ni yake. Swali la uzembe linabaki kwetu, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Na nyinyi vijana wa kiume, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Umar huyo huyo amepokewa kuwa alimchukua mkewe, Ummu Kulthum, usiku, akamsaidie mke wa bedui aliyeshikwa na uchungu, naye Khalifa akabaki nje akiwasha moto na kupika.

Ewe Mola, tupe elimu yenye manufaa na masikio yanayosikia kilio. Wahifadhi mama zetu na watoto wao, na warehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.