Deni la Sura ya Kuazima

Mtu akivaa sura ya mwongo ili atuonyeshe uwongo ulivyo, kisha siku ya pili akatujia na uso wake mwenyewe na kutuomba tumwamini, tumpokee vipi? Tumhukumu kwa sura ile aliyoivaa, au tuisahau kana kwamba haikuwahi kuwapo? Na yeye, je, anadaiwa chochote na sura ile, au ameivua na kuirejesha kama kanzu ya kuazima?

Swali hili ni kongwe. Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliwaonea shaka wote wenye kuiga, akahofu kwamba anayeiga tabia mbaya tangu ujanani mwishowe huifanya kuwa tabia yake. Diderot wa Ufaransa, zaidi ya karne ishirini baadaye, akashika upande wa pili: mwigizaji hodari ni yule ambaye moyo wake umetulia wakati watazamaji wanalia. Mmoja anasema sura humla aliyeivaa. Wa pili anasema sura haimgusi. Mimi, ambaye falsafa sikuisoma darasani bali niliiokota vitabuni huku nikitafuta riziki, naona kuwa wote wawili wamemkodolea macho mwigizaji, wakampa kisogo mtazamaji. Na deni halina mtu mmoja. Lina mwenye kukopa na mwenye kukopesha.

Tuanze na filamu. Marehemu Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, na katika umri huo mfupi wa miaka 28 alivaa sura nyingi kuliko zinazovaliwa na wengi katika umri wa uzee. Alipitia kundi la Kaole, ambalo michezo yake ya televisheni ilikuwa ikikusanya majirani mbele ya seti moja. Dar to Lagos ikamvusha mipaka. Ikaja Oprah, ikaja Uncle JJ, ikaja Devil Kingdom aliyoigiza pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria. Mpenzi, mume, tajiri, anko wa watoto: kila sura aliivaa ikamkaa. Alipofariki, viwanja vya Leaders Club vilifurika watu waliokuja kumuaga, na wengi wao hawakupata kumwona ila kiooni. Walikuwa wakimlilia nani? Walilia kijana mmoja wa Shinyanga, au walilia watu wale wote aliowapa uhai, ambao sasa walikosa mwili wa kukaa?

Kwa upande wa kicheko tulikuwa na Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018. Yeye alituchezea mzee bahili, mzee mwenye tamaa, mjinga anayewazidi akili werevu. Tulimcheka, na tulipomcheka tulikuwa tukiwacheka wajomba zetu, na saa nyingine tukijicheka wenyewe bila ya kukiri. Lakini hapo ndipo dhulma yetu sisi watazamaji inapoanza. Mwanamke aliyezoea kuigiza uchawi hukimbiwa na watoto sokoni. Kijana aliyeigiza mwizi hutazamwa mikono anapoingia dukani. Watu wazima, wenye akili zao, humwita mtu kwa jina la kosa ambalo hakulitenda. Tumefurahia ustadi wake, kisha tukamlipa kwa kumtuhumu.

Watani wetu wa bara wana dawa ya dhulma hii, na kwa ajili hiyo nataka tusafiri mpaka Kilosa na Mikumi, katika mkoa wa Morogoro. Kilosa ni mji uliokuzwa na reli ya kati waliyoijenga Wajerumani, na mashamba ya katani yaliyoizunguka yakawavuta watu wa makabila mengi, wakakaa pamoja na Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wenye ardhi yao. Mahali penye mchanganyiko kama huo hapakaliki bila ya utani. Na utani, kwa asiyeujua, si mzaha tu; ni mkataba. Mtani hufika msibani akamwigiza marehemu mbele ya wafiwa: akatembea alivyotembea, akakohoa alivyokohoa, akaficha sarafu katika pindo la shuka kama marehemu alivyokuwa akizificha. Watu wenye machozi wakacheka. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba mtani ni bahili kwa kuwa ameuigiza ubahili. Kila mtu anajua mpaka uko wapi.

Lakini mkataba ule una upande wa pili, nao ndio unaonishughulisha. Mtani aliyeuonyesha ubahili wa marehemu kwa usahihi mkubwa namna ile hawezi tena kesho yake kumnyima jirani chumvi na kudai kwamba hakujua kuwa ubahili unaumiza. Ametuthibitishia kwamba anaujua mpaka mwendo wake, mpaka kikohozi chake. Hatumshitaki kwa dhambi ya sura. Tunamdai kwa elimu aliyoionyesha alipoivaa. Hayo ni mambo mawili, na hoja yangu yote imesimama juu ya kuyatenga.

Sasa twende Mikumi. Ni mji wa njiani, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya mpaka Zambia, na barabara hiyo, kabla ya kuufikia mji, inaikata hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Katika miji ya namna hii, zama za kanda na za VCD, vibanda vya video vilikuwa ndiyo majumba ya sinema ya wanyonge. Huko filamu za kigeni zilifika na sauti ya Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alizisimulia kwa Kiswahili peke yake, akawa shujaa, akawa adui, akawa bibi harusi. Mimi kama mfasiri namhusudu mtu huyo. Kazi yetu ni moja: kumpa mgeni ulimi wetu aseme mambo ambayo sisi wenyewe pengine tusingethubutu kuyasema.

Kutoka jimbo hilo la Mikumi ndipo unapopatikana mfano ambao Plato na Diderot wangeugombania. Joseph Haule, ambaye taifa lilimjua kwa jina la Professor Jay, hakuwa mwigizaji wa filamu kwa kazi. Alikuwa mtunzi wa mashairi ya kizazi kipya, kwanza na kundi la Hard Blasters, kisha peke yake. Lakini asikilizaye nyimbo zake atakubali kwamba alikuwa mwigizaji katika maana ile ya asili. Mwaka 2001, katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu, alitoa wimbo uitwao Ndio Mzee. Ndani yake alivaa sura ya mwanasiasa aliyepanda jukwaani akimwaga ahadi zisizo na kipimo, na kila ahadi ikipokewa na umati unaoitikia kwa utiifu maneno yale yale yaliyokuwa jina la wimbo. Nchi nzima ilicheka. Tulimcheka mgombea, na waliokuwa na masikio zaidi waliusikia pia mkuki wa pili, uliowaelekea wale wanaoitikia.

Ikapita miaka 14. Mwaka 2015 Haule alisimama jukwaani, safari hii bila ya ala za muziki, akagombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema, akashinda. Alikuwa mbunge mpaka mwaka 2020, alipogombea tena na kiti kikaenda kwa mgombea wa CCM, katika uchaguzi ambao vyama vya upinzani viliyapinga matokeo yake. Siasa za mwaka ule si maudhui ya makala haya. Kinachonishika ni ile dakika moja ya mwaka 2015, mtu aliyetufundisha kuicheka sauti ya mgombea alipofungua kinywa ili azungumze kwa sauti hiyo hiyo ya mgombea.

Maana lugha ya ahadi ni moja. Mwongo husema nitaleta maji, na mkweli husema nitaleta maji. Neno halina alama usoni. Na katika wilaya ya Kilosa ahadi si jambo la kuchezea. Desemba mwaka 2000, muda mfupi tu kabla ya mwaka wa wimbo ule, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulipasuka huko Rudewa Mbuyuni, na watu 38 wakauawa. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko ya mto Mkondoa yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kuisomba njia ya reli. Mwananchi wa huko anapomsikiza mgombea akitaja ardhi au tuta la mto, anasikiliza habari za uhai wake. Kumchezea mtu huyo kwa maneno ni kumtoa roho kwa upole.

Basi tuulize: wananchi wa Mikumi walikuwa na haki gani juu ya mbunge wao kwa sababu ya wimbo wake?

Wapo wanaoweza kusema hawakuwa na haki yoyote. Wimbo ni sanaa, na katika uhakiki wetu tunafunza kwamba nafsineni ya shairi si mtunzi wa shairi. Nakubali, na ningekuwa wa mwisho kulikataa, maana bila ya kanuni hiyo washairi wote tungekuwa gerezani. Muyaka hakuwa kila mtu aliyezungumza katika mashairi yake. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare, akatupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alimpa Shailoki Kiswahili kizuri cha kudai ratili yake ya nyama, na hakuna aliyesema kwamba Mwalimu amekuwa mla riba. Alimpa pia Antoni ile hotuba ya msibani inayougeuza umma kwa maneno matamu. Hata hivyo, ni nani atakayesema kwamba kiongozi aliyekaa na hotuba hiyo neno kwa neno, akaipima kila pumzi, alitoka humo bila ya kujua jinsi umma unavyogeuzwa? Hatumdai kwa hila ya Antoni. Tunaweza kumdai kwa kuijua.

Wapo na wengine, wenye pupa, ambao wangesema kwamba wimbo ule ulikuwa hati ya mashitaka aliyojiandikia mapema: kila daraja lisilojengwa na kila bomba lililokauka ni ushahidi kwamba sura ilikuwa uso. Hawa nao wanadhulumu. Mbunge mmoja, tena wa upinzani, hana hazina wala mamlaka ya kuuelekeza mto. Kushindwa kutimiza si sawa na kudanganya. Mwongo ni yule aliyejua wakati anasema kwamba hatafanya. Aliyekusudia akakwama ana udhuru wake, na kumnyima udhuru huo ni kuwafukuza wakweli wote jukwaani ili tubaki na wasio na haya.

Haki iliyobaki baina ya pande hizi mbili ni nyembamba, lakini ni haki ya kweli. Msanii aliyeuigiza ubovu kwa ustadi amejinyima kinga moja tu: kinga ya kutokujua. Mgombea mwingine anaweza kusema, sikudhani maneno yangu yangewapa watu matumaini ya bure. Aliyeutunga Ndio Mzee hawezi. Kwa hiyo anapoahidi, anatakiwa aahidi kwa kipimo, ataje anachokiweza na asichokiweza, na akikwama arudi kusema mahali alipokwamia. Huo ndio mzigo wa ziada ambao sanaa yake ilimtwisha, na naona ni mzigo wa heshima. Anatwishwa yule ambaye macho yake yamethibitika kuona.

Na sisi? Nilisema deni lina watu wawili. Wimbo ule haukuwa na mwigizaji mmoja. Ulikuwa na umati ulioitikia, na sura ya umati ule ilikuwa ni sura yetu. Aliyecheka mwaka 2001 na kuzikariri beti mpaka leo, kisha akaenda mkutanoni kumwitikia mgombea yeyote, wa chama chochote, bila ya kumwuliza kwa fedha ipi na kwa lini, yeye naye amejinyima kinga ya kutokujua. Alionyeshwa. Alielewa, maana mtu hacheki asichokielewa. Kicheko chake ni saini yake katika mkataba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiona sanaa ya kuigiza kuwa burudani ya kupitisha jioni, wala na wale wanaoiogopa kama ugonjwa wa kuambukiza. Filamu za Kanumba, vichekesho vya Majuto, sauti za Lufufu, wimbo wa mtu wa Mikumi na utani wa msibani Kilosa vyote ni mikopo. Mwigizaji anauazima ubaya kwa muda ili tuutazame bila ya kuumia. Ubaya wenyewe anaurejesha, na asisumbuliwe nao tena. Maarifa hayarejeshwi. Yanabaki kwake na yanabaki kwetu, na siku ya kutendeana ndiyo siku ya kulipa.

Waswahili walisema ahadi ni deni. Mwenye sanaa na mwenye kuitazama wana deni jingine lililotangulia hilo: walikwisha kuonyeshana ahadi ya uwongo inavyofanana, na baada ya hapo hakuna kati yao awezaye kusema kwamba alidanganywa katika giza.