Nuru Isiyoonekana na Ukimya wa Mbingu

Sisi wa Likasi, ambao jirani yetu ni Shinkolobwe, machimbo yaliyotoa urani, twajua kwamba jicho si hakimu wa mwisho wa yaliyopo, kwani jiwe lile lililala ardhini likitoa miali ambayo hapana aliyeiona. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti Uhuru, ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza miali mingine isiyoonekana, eksirei za mbinguni. Nayo ikazipata kutoka kwasa 3C 273, kiini cha galaksi ya mbali kingurumayo kwa mawimbi ya redio, na vilevile kutoka galaksi NGC 4151, ambayo kwa redio ni dhaifu mno. Galaksi za namna hii zenye sauti ya redio, kiasi cha moja katika kumi, hurusha mikondo ya chembe ziendazo kwa kasi iliyokaribia ya nuru, na mikondo hiyo huzidisha eksirei zao. Lakini hata zilizonyamaza zina gesi yenye hari kuu kandokando ya shimo jeusi lililo kitovuni mwao, nayo yatosha kuzing'arisha.

Je, ukimya ni ushahidi wa utupu? Nakataa kabisa, wala sikubali kwamba Mola, kwa kuwa hasemi katika mawimbi tuliyozoea kuyategea sikio, hayupo. Hata hivyo, nakiri kwamba eksirei za galaksi ile zilithibitishwa kwa chombo, na imani haina chombo cha namna hiyo.