Chakula cha Wafiwa

Taazia, yaani kumliwaza aliyefiwa, kumhimiza subira na kumwombea marehemu, ni sunna ambayo wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, waliiwekea muda wa siku tatu, kwa hoja kwamba kuirudia baadaye humtonesha mfiwa kidonda. Lakini swali zito zaidi ni nani ampikie nani. Habari za kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria (629), zilipofika Madina, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliagiza jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba ulikuwa umewashughulisha. Inasikitisha, basi, kuona matanga ambamo mjane aliyeingia eda, ambayo kwa asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi, anaulizwa funguo za stoo na fedha za mchele, ilhali mali ya marehemu, baada ya mazishi, madeni na wasia, ni haki ya warithi, wakiwamo mayatima. Jirani anayefika alfajiri na sufuria na kuni zake, akawapa watoto uji kisha akaosha vyombo, ameitimiza sunna hiyo. Na wanazuoni hao wameongeza kwamba chakula kiwatoshe wafiwa mchana na usiku wake, nao wasihiwe wale, kwani huzuni huwafanya wakiache.