Baada ya Maji Kushuka

Mvua kubwa ikinyesha usiku Kampala, Kalerwe hakulaliki. Mtaro wa Nsooba hubeba maji ya vilima vinavyotuzunguka, hupita hapa sokoni, hushuka Bwaise hadi kinamasi cha Lubigi. Kinamasi hicho zamani kilikuwa mafunjo matupu. Leo nyumba zimekivamia, na barabara ya Northern Bypass imekipasua. Ongeza chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa wenyewe, maji yaende wapi kama si mlangoni kwako? Mafuriko ya tarehe 26 Machi 2025 yaliua watu wasiopungua saba jijini.

Baada ya siku kama hiyo, sisi wahubiri hukimbilia Warumi 5: dhiki huzaa saburi. Ni kweli, Paulo aliandika hivyo. Lakini Paulo alikuwa amepigwa mawe na kuvunjikiwa na merikebu mara tatu. Alisimulia ya mwili wake. Mimi niliyelala pakavu, kwa kinywa gani nimwambie mama anayekamua godoro kwamba Mungu anamjenga? Neno hilo ni lake, akitaka kulisema, siku atakayotaka.

Na si kila aliyevuka gharika huwa mwema zaidi. Nuhu aliposhuka kutoka safinani alijenga madhabahu. Sura inayofuata amelewa, yu uchi hemani mwake.

Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, wanasaikolojia wa Marekani walioandika miaka ya 1990 juu ya watu kukua kupitia majanga, wanasema kinachomkuza mtu ni kule kuhangaika kwake baada ya maafa, wala kukua huko hakumwondolei huzuni. Mtu anaweza kumsogelea Mungu zaidi na bado akaruka kitandani akisikia ngurumo.

Sokoni nilimkuta mama mmoja akichambua viazi alivyovitoa kwenye tope, vizima huku, vilivyoanza kuoza kule. Jirani yake alikuwa amepoteza gunia zima. Mama yule akamsukumia nusu ya vile vizima, hata macho hakuinua: “Utanilipa ukiuza.” Nikamuuliza kama mafuriko ndiyo yaliyomfundisha ukarimu. Akacheka. “Mchungaji, kukopesha nilikopesha tangu zamani. Mafuriko yamenifundisha nisiweke mzigo chini.”

Sasa magunia yake yako juu ya mbao, na kizingiti chake amekiinua kwa matofali hadi karibu na goti. Namsifu kwa hilo, ila naogopa sifa zetu. Tukishangilia mno uvumilivu wa watu wa Kalerwe, wanaopaswa kuuhudumia mtaro watatuacha tuendelee kuvumilia.

Jumamosi tunafanya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya jamii: tunazibua mtaro upande wa soko. Mwenye chepe na mabuti aje navyo. Na ndugu yetu anayemwaga kifusi kinamasini ili ajenge, naye aje. Tuna maneno naye.