Umar, malisho ya Rabadha na ng'ombe wa Kigosi



Ndugu Waislamu, ukishuka basi Runzewe, barabara ya kwenda Rwanda na Burundi, utasikia watu wakizungumzia dhahabu. Wachache hutaja kusini, liliko pori la Kigosi. Huko mto Kigosi unajipindapinda tambarare, ukipotea kwenye mafunjo, hadi kukutana na maji ya Moyowosi na Malagarasi yaendayo Ziwa Tanganyika. Ardhioevu hiyo, zaidi ya hekta milioni 3, mwaka 2000 iliingizwa katika Mkataba wa Ramsar, ya kwanza nchini. Humo wamo nzohe, na yule ndege mkubwa mwenye mdomo mfano wa kiatu.

Wapo wanaodhani kuhifadhi pori ni mambo ya Wazungu. La hasha! Mtume (s.a.w.) aliiharamisha Madina, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe.

Kisha Khalifa Umar (r.a.) alitenga malisho ya Rabadha kwa wanyama wa umma, akamweka mlinzi aitwaye Hunayy, mtumwa aliyemwacha huru. Maagizo aliyompa yamo katika Sahihi Bukhari. Alimuonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Mwenye vingamia na vikondoo vichache amruhusu. Lakini mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan aizuie. Masahaba wakubwa hao! Sababu yake ni kwamba wao mifugo ikifa wana mitende na mashamba. Maskini ikimfia atakuja na wanawe kulia mlangoni kwa Khalifa, na kumpa maji na majani ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha za hazina.

Sasa tutazame Kigosi. Anayekamatwa na ng'ombe porini ni kijana mchungaji, ndala miguuni. Mwenye ng'ombe yuko mjini, pengine safu ya kwanza msikitini, na sadaka anatoa. Kiangazi kikifika anajua fika mifugo yake inanywa wapi.

Sisemi mipaka ivunjwe. Rabadha nayo ilikuwa na mpaka na mlinzi. Nasema Umar alianza na wakubwa, tena kwa majina, na sisi tunaanza na kijana wa ndala.

Basi wewe mwenye kundi huko, simu unayo. Mpigie mchungaji wako kabla ya swala ya Ijumaa hii, umwambie awatoe.