Mgonjwa Atafutaye Kupona

Mtakatifu Marko asimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu muda wa miaka 12. Waganga wengi walikuwa wamemtesa, mali yake ilikuwa imekwisha, na hali yake ilizidi kuwa mbaya. Mtakatifu Luka, ambaye mwenyewe alikuwa mganga, asimulia habari ileile, lakini waganga wenzake awasema kwa upole zaidi. Wote wawili wapatana katika jambo moja: Yezu hakumkemea mwanamke yule kwa sababu alitafuta kupona. Hakumwambia kwamba ilimpasa kukaa nyumbani na kungoja. Alimwita binti.

Wakristu wapenzi, yafaa kukumbuka habari hiyo kila mara mgonjwa wa siku nyingi anapoambiwa na jirani zake: «Ni mapenzi ya Mungu, tulia, usihangaike.» Maneno hayo yana sura ya imani, lakini mara nyingi ni uchovu wa wale wanaomtazama mgonjwa.

Miongoni mwa magonjwa ya siku nyingi uko mmoja uitwao sklerozi ya makovu mengi. Mishipa ya fahamu iliyo katika ubongo na uti wa mgongo imevikwa ala, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Katika ugonjwa huu askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, wanakosea adui na kuishambulia ala hiyo. Palipoharibika hubaki kovu, na habari zinazopita katika mshipa zachelewa au zapotea. Basi mtu aona ukungu katika jicho moja, au mguu wafa ganzi, au ayumba kama mlevi, au achoka uchovu usioelezeka. Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya miaka 20 na 40 ya umri, nao wawapata wanawake zaidi ya wanaume. Huonekana sana katika nchi za baridi zilizo mbali na ikweta, lakini Waafrika nao huupata. Hauambukizi, wala si kazi ya wachawi.

Ugonjwa huu una hila yake. Kwa watu wengi huja kwa mashambulio: majuma kadhaa mtu ataabika, kisha nafuu yaja yenyewe, pasipo dawa. Hapo ndipo penye mtego. Kitu chochote alichokunywa mgonjwa siku zile, kiwe maji ya mizizi, kiwe asali, kiwe chupa ya mchuuzi wa sokoni, hicho ndicho kitakachosifiwa.

Mtego huo waonekana wazi katika maisha ya Augustus d'Este, mjukuu wa George wa Tatu, mfalme wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1794. Mwezi wa Desemba 1822 alikwenda kwenye mazishi huko Scotland. Muda mfupi baadaye macho yake yakaingia ukungu, hata ikabidi asomewe barua zake. Hakutiwa dawa yoyote, na macho yakapona. Mwaka 1827, alipokuwa Florence, aliona vitu viwili penye kimoja, kisha miguu ikalegea. Tangu hapo hakuacha kutafuta. Waganga walimtoa damu, walimsugua dawa, walimpeleka kuoga katika maji ya chemchemi, walimpitishia umeme. Aliagizwa hata kula nyama ya ng'ombe mara mbili kwa siku, pamoja na bia na divai (wagonjwa wengi wangeipenda dawa ya namna hiyo). Nafuu zilikuja, nafuu zikaenda, na miguu ikazidi kuisha nguvu hata akaketi katika kiti cha magurudumu. Alifariki mwaka 1848 bila kulijua jina la ugonjwa wake, kwa maana Charcot, daktari wa Paris, aliueleza mwaka 1868.

Lakini d'Este alikuwa ameandika mambo hayo katika daftari, mpaka mwaka 1846: dalili, dawa na matokeo. Leo kila asomaye aona kwamba nafuu ya kwanza haikuletwa na dawa hata moja. Mgonjwa wa siku hizi na afanye vivyo hivyo. Daftari la shule latosha. Kumbukumbu ya mtu mwenye tamaa ya kupona si shahidi mwaminifu.

Je, atafute dawa nje ya hospitali? Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba Mungu ndiye aliyetoa dawa katika ardhi, na kwamba mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampe mganga nafasi yake. Hakutenganisha sala na dawa. Kwinini yatoka katika gome la mti wa sinkona, uliolimwa sana Kivu. Hakuna aidharauye kwa sababu ni ya mti. Lakini kwinini imepimwa.

Kupima ndiko kunakomtofautisha mtafutaji wa kweli na mchuuzi. Mwaka 2009 Paolo Zamboni, daktari wa Ferrara katika Italia, ambaye mke wake alikuwa na ugonjwa huu, alitangaza kwamba unahusiana na mishipa ya damu ya shingo iliyosongwa, na kwamba kuipanua kungesaidia. Maelfu ya wagonjwa walisafiri nchi za mbali na kulipa fedha nyingi. Wengine walidhurika, hata wakafa. Kisha Zamboni mwenyewe aliongoza uchunguzi: wagonjwa wengine walipanuliwa mishipa, wengine walifanyiwa mfano tu, nao hawakujua ni nani aliyepata lipi. Mwaka 2017 jibu lilitoka: kazi ile haikufaa. Akaliandika hivyo. Ni mchuuzi gani angethubutu? Hata kuumwa na nyuki kwa makusudi kulipimwa huko Uholanzi, na mwaka 2005 ikatangazwa kwamba hakukuleta faida.

Dawa za hospitali nazo haziuondoi ugonjwa. Tangu mwaka 1993 zimepatikana zinazopunguza mashambulio, na zafaa zaidi zikianza mapema, maana mshipa uliokufa haurudi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziweka tatu katika orodha ya dawa za lazima, ingawa katika nchi nyingi za Afrika ni vigumu kuzipata. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa aziache ili anywe yake amwibia kitu kisichorudishwa. Lakini anayemkanda miguu, anayemfundisha kunyosha viungo, anayemsaidia kuacha tumbako, huyo hamdhuru. Tumbako hasa huharakisha ulemavu. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa mazoezi. Leo wanahimizwa kuyafanya.

Na Mpako wa Wagonjwa? Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba si wa wale tu walio katika saa ya kufa. Mgonjwa auombe mapema, angali akiweza kuitikia sala mwenyewe.

Limebaki jambo la jirani. Joto huzidisha dalili kwa muda, na uchovu wa ugonjwa huu hauonekani usoni. Mama aliyelima asubuhi aweza kushindwa kuinua ndoo saa sita, na watu wakamwita mvivu. Wenye nyumba na wamwachie kazi za alfajiri, na maji ya mchana wayateke wengine.