Ni Kosa la Nani Mtu Akiugua?

Wiki hii sitaandika habari za chanjo wala ratiba ya kupima presha. Nina deni la kumwomba radhi mama mmoja wa kanisa letu, na kwa kuwa mwenyewe ameniruhusu kusimulia bila kumtaja jina, naanza hapo.

Mama huyu ana kisukari. Kila tulipopima baada ya ibada, sukari yake ilikuwa juu. Mara ya tatu nilimshika mkono nikamwambia, kwa sauti ambayo nadhani hata waliokuwa kwenye foleni ya chai waliisikia: "Mama, hujitunzi. Ugali usiku, dawa hunywi, kutembea hutembei. Unataka tukuzike huku ugenini?" Alicheka kidogo, akashusha mkono wa gauni, akaenda zake. Miezi miwili hakukanyaga mezani kwetu.

Nikaenda kumtembelea. Anakaa katika mojawapo ya haya majengo marefu ya Flemingdon Park, ghorofa ya 14, na siku hiyo lifti moja ilikuwa imekufa na nyingine ikisimama inapotaka. Anafanya kazi usiku kwenye ghala la kufunga mizigo, kupitia wakala, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Kliniki inafunguliwa wakati yeye ndiyo kwanza amelala. Siku asiyokwenda kazini ni siku isiyo na mshahara. Bima ya dawa hana. Kwa hiyo alikuwa akimeza kidonge leo, kesho anaruka, ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Na ule ugali niliomkaripia ndio mlo wake pekee wa moto kabla ya shifti.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa unafundisha."

Aibu niliyoisikia ni kubwa zaidi kwa sababu mambo haya niliyasoma chuoni na nikayafanyia mtihani. Tulisoma utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali wa London, wanaume karibu 18,000. Wote walikuwa na kazi ya ofisini, na Uingereza ilikuwa na matibabu ya bure tangu 1948. Lakini Michael Marmot na wenzake walipochambua vifo, waliona kwamba wale wa cheo cha chini kabisa, matarishi na walinzi wa milango, walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wakubwa wa juu. Na haikuwa maskini dhidi ya matajiri tu. Kila aliyekuwa ngazi moja chini ya mwenzake alikuwa na afya dhaifu kidogo kuliko yeye. Sigara na mafuta mwilini vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Nilijibu swali hilo vizuri kwenye karatasi, kisha nikasahau nilipomshika mama mkono.

Hapa kwetu tuna ushahidi wa karibu zaidi. Julai 2020 idara ya afya ya jiji la Toronto ilitoa takwimu za Korona: asilimia 83 ya waliougua walikuwa watu wasio weupe, ilhali jamii hizo ni kama asilimia 52 ya wakazi. Asilimia 51 walitoka katika nyumba za kipato cha chini, ambazo ni asilimia 30 tu ya jiji. Hakuna atakayeniambia kwamba nusu ya Toronto haijui kunawa mikono. Sheria ya Ontario ilikuwa imewapa wafanyakazi siku 2 za dharura zenye malipo kuanzia Januari 2018. Mwaka uliofuata zikaondolewa, na gonjwa likatukuta hatuna kitu. Siku 3 zilirudishwa Aprili 2021, wengi wakiwa wameshazika, zikakoma tena Machi 2023. Mwenye homa na kodi ya nyumba alipanda basi akaenda kazini.

Mzee mmoja wa kanisa nilipomweleza haya alinikatiza. "Dada, ukiwaambia ni sera, utawafundisha kulaumu serikali na kula chapati wanavyotaka. Na mbona jirani yake, jengo hilohilo, ana miaka 70 na ni mzima?" Ni swali la haki, na namheshimu, amelea watoto watano kwa nidhamu. Kuhusu jirani, jibu ni rahisi: si kila anayevuka barabara yenye giza anagongwa, na bado tunadai taa. Hilo la kwanza ndilo gumu. Sitaki kumfanya mama huyu kikaragosi cha serikali. Kuruka kidonge ulikuwa uamuzi wake, tena wenye hesabu: kodi, nauli, pesa za kutuma Bukavu, dawa. Wajibu anao. Lakini mtu huwajibika kwa kilicho ndani ya uwezo wake, na mimi nilimdai kisichokuwa mkononi mwake, hadharani. Wanafunzi katika Yohana sura ya 9 waliuliza nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Yesu aliyakataa majibu yote mawili waliyomwekea, kisha akashughulika na macho ya yule mtu.

Wazee wetu wa Tanzania wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Jina lake lingefaa kabisa kwa karipio langu. Lakini haikuwa kumsema mtu mmoja mmoja: redio ilitangaza, vijitabu vilichapishwa, viongozi wa vikundi walifundishwa, watu wazima kama milioni 2 wakakaa vikundi vikundi, kisha wakachimba vyoo pamoja. Aliyeambiwa achimbe alikuwa na wa kuchimba naye.

Wapo wanaosema siasa zibaki nje ya kanisa. Nawaelewa, ila zile siku 2 ziliondolewa na siasa, na hazikubisha hodi. Mimi ni raia, napiga kura. Mgombea alipopita mlangoni kwangu mara ya mwisho, nilimuuliza habari za maegesho ya magari.

Mama amejaza fomu ya Trillium, mpango wa Ontario unaosaidia gharama za dawa. Familia huchangia kadiri ya asilimia 4 ya kipato, mengine hulipwa. Lifti bado. Jumapili iliyopita alirudi mezani, sukari iko juu kidogo, na safari hii nilianza kwa kumuuliza amelala saa ngapi. Fomu nyingine ninazo. Njoo na risiti za dawa na karatasi za kodi ya mapato. Niko karibu na mlango wa jikoni mpaka chai iishe.